Sikio la Mzee wa Shimo

Niseme mapema kwamba fomu ile niliitia sahihi mimi. Watu wa kwetu wakisimulia habari hii husema watafiti walikuja wakachukua, kana kwamba walikuja usiku na tochi. Hapana. Walikuja saa nne asubuhi, wakanywa chai, wakaeleza kila kitu kwa upole, na aliyezisoma karatasi zao akamtafsiria mama alikuwa mimi. Mama akaweka kidole gumba. Mimi nikaweka jina langu chini ya kidole chake kama shahidi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na pole sitaki.

Shamba letu liko upande wa Chepsaita. Karibu na zizi la zamani kuna shimo pana la mviringo, lenye nyasi nzuri kuliko malisho mengine yote, na pembeni yake kuna kilima kifupi cha udongo mweusi. Mashimo ya aina hiyo ni mengi katika nchi yetu hii ya juu. Tunaambiwa ni kazi ya Wasirikwa, watu waliofugia ng'ombe humo kabla yetu, kisha wakaondoka, na hakuna anayejua kwa hakika walikokwenda. Kile kilima ni samadi yao iliyogeuka udongo. Babu yangu alikuwa akichimba mahali pa kusimamisha nguzo za ua pale, jembe likagonga fuvu la kichwa cha mtu. Alilifukia siku hiyo hiyo.

Mwingine angesema amepata Msirikwa, basi, yamekwisha. Babu hakusema hivyo. Kwetu sisi Wanandi, zamani maiti haikuzikwa. Ilipelekwa kichakani, fisi wakafanya kazi yao. Waliozikwa ni watoto wachanga, na wazee waliokula chumvi nyingi kweli kweli, na hao walizikwa penye samadi ya ng'ombe. Kwa hiyo babu alihesabu hivi: huyu amezikwa, si mtoto mchanga, tena amezikwa kwenye samadi. Basi ni mzee mkubwa, na kama ni mzee, ni wetu. Ilikuwa hesabu safi, na kwa vizazi vitatu hakuna aliyeitilia shaka. Tulimwita Mzee wa Shimo. Kila ng'ombe alipozaa, maziwa kidogo yalimwagwa pale pembeni kabla ya mtu yeyote kuyaonja.

Na mimi ndiye niliyepewa Mzee huyo. Kwetu mtoto hapewi jina kwa kupendeza masikio. Akizaliwa, wanawake huketi naye nyumbani, mmoja wao huita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na ugoro kidogo husogezwa puani kwa mtoto. Jina ambalo atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi kupitia kwake. Mimi, nilivyosimuliwa, nililala kama boga. Waliita majina yote, nikanyamaza. Walipofika la mwisho kabisa, la Mzee wa Shimo, nikapiga chafya, na vigelegele vikasikika hadi barabarani. Kwamba ni msichana aliyepewa mwanamume, hakuna aliyejali.

Tangu siku hiyo mama aliniita Mzee. "Mzee, kuja ule." "Mzee, umenawa miguu?" Hata nikistahili kuchapwa, alianza kwa adabu: "Mzee, unisamehe." Kisha fimbo ikatua. Nilikuwa na miaka saba hivi nilipoanza kumhisi mwenyewe, upande wangu wa kushoto, nyuma kidogo ya bega, kama mtu mzima anayemsindikiza mtoto dukani. Nilikuwa naye kwenye mtihani wa darasa la nane. Nilikuwa naye nilipokuja mjini Eldoret kujifunza kazi ya kutengeneza meno ya bandia. Nilikuwa naye kwenye uchungu wa kumzaa binti yangu, wakati mwanamume aliyenipa mimba alikuwa ameshabadilisha namba ya simu. Sikuolewa. Watu walitania kwamba nani atamwoa Mzee. Nilicheka nao, kwa sababu upweke sikuujua, au ndivyo nilivyofikiri.

Sasa kwa nini nilikubali? Nitasema ukweli ingawa haunipendezi. Kila ukikaribia uchaguzi, kwetu swali huwa moja: nani alikuwa hapa kwanza? Mtu unayeazimana naye chumvi anakutazama upya. Pale West Indies, mtaa wa Eldoret ninapoishi, kuna mwenye duka ambaye wazazi wake walitoka upande wa Mlima Kenya. Nimenunua unga kwake tangu binti yangu akiwa mgongoni. Watafiti waliposema wanaweza kusoma DNA kutoka kwenye mifupa ya kale na kuilinganisha na ya watu walio hai, nilienda dukani nikamwambia, kwa mzaha ulio na meno, "Sasa tutajua nani alikuja kwanza." Akanipimia sukari polepole. "Na ukishajua, utanihamisha?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Nilitaka karatasi yenye mhuri inayosema Mzee wa Shimo ni wetu, na kwamba sisi ni wa hapa kuliko mtu yeyote.

Fomu ilisema wazi. DNA ya kale huhifadhika vizuri zaidi katika mfupa mmoja mgumu ulio ndani ya kichwa, nyuma ya tundu la sikio, mfupa unaobeba kiungo cha kusikia. Mfupa huo ungekatwa, na sehemu yake kusagwa iwe unga. Nilisoma, nikaelewa, nikamgeukia mama nikamwambia, "Watachukua kamfupa kadogo ka kichwa. Wakimaliza watarudisha."

"Ka wapi?"

"Ka huko nyuma tu, mama."

Neno sikio sikulitamka. Nilijua nikilitamka angekataa, kwa maana mfu asiye na sikio utamwitaje? Nao wakachukua mate yangu pia, katika kichupa, ili walinganishe.

Kisha wakamfukua. Nilisimama pale nikaliona taya. Mimi kazi yangu ni meno. Nimeyashika ya wazee wa Uasin Gishu nzima, yaliyolika kwa mahindi ya kuchoma hadi yakabaki visiki. Meno ya taya lile yalikuwa na makali yake yote. Magego ya mwisho yalikuwa hayajatoka kwenye mfupa. Huyo hakuwa mzee. Niliona, nikajua, nikaangalia ng'ombe.

Mwaka uliofuata binti yangu akajifungua mtoto wa kike. Naye hajaolewa, mambo yetu hayo. Kwa hiyo mtoto ni wa boma letu, na jina lake lingetoka kwa wafu wetu. Siku chache baadaye tulimpeleka Chepsaita kwa mama. Wanawake wa rika la mama waliozijua nasaba za ukoo wetu walikuwa wamekwisha kufa wote. Mama peke yake ndiye aliyeyajua yale majina kwa mpangilio wake, na alikuwa amekataa kata kata yaandikwe. Alisema jina la mfu si orodha ya harusi. Majirani wawili wakaja kuketi nasi ili isionekane ni kazi ya kujificha.

Mama akaita. Mtoto alikuwa anatazama mabati. Mama akaita tena, jina baada ya jina, mkono wake wenye ugoro ukiwa karibu na kile kipua. Akafika kwa Mzee wa Shimo. Kimya. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Mtoto akapiga miayo.

Mama akanigeukia mbele ya majirani. "Walichukua nini kichwani?"

Ningeweza kudanganya tena. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini macho yake yalikuwa yamenishika.

"Sikio, mama. Mfupa wa sikio."

"Ala! Unamkata mtu sikio, halafu unaniletea mtoto nimwite?" Aliweka ugoro chini akajifuta mkono kwa leso. "Sitamshika huyu mtoto mpaka sikio lirudi."

Mama yangu haapi mara mbili. Na daktari mjini alikuwa ameshatuambia kwamba moyo wake umechoka, tusimpandishe ngazi. Mambo yakawa hivyo basi. Akienda kabla ya kuridhika, majina yataenda naye, na mjukuu wangu atabaki mtoto ambaye hakuna mfu aliyemjia na bibi yake mkuu hakuwahi kumbeba. Kanisani tulimpa jina, na kwenye cheti cha kuzaliwa likaandikwa. Mama hakulitamka hata siku moja. Alisema "huyo wenu". Tukimtembelea alimpikia binti yangu uji wa wimbi, akamwekea maziwa, akakaa upande wa pili wa meko na mikono yake kifuani. Mtoto alipoanza kutambaa alikuwa akimwendea, na mama alikuwa akisogeza miguu.

"Mama, kwani mtoto wangu amekosa nini?" binti yangu aliniuliza tukirudi mjini. Aliyekosa alikuwa ameketi kando yake.

Miezi ile nilikonda. Kazini ninasaga siku nzima. Plasta na yale meno hutoa unga mweupe unaokaa kwenye nywele za mikono. Nilikuwa nimeuzoea kwa miaka. Sasa kila nikizima mashine nilikuwa nautazama ule unga vidoleni, kisha nanawa hadi viwiko. Halafu kushoto kwangu kukabadilika. Mwanzoni palikuwa patupu, kama kiti cha mtu aliyeinuka sasa hivi. Baadaye pakawa na mtu, lakini si yule. Nikifua nguo Jumapili saa nane mchana, jua kali, watoto wa wapangaji wenzangu kwenye ploti wakipiga kelele, nilikuwa nahisi mtu mfupi kuliko mimi amesimama karibu na mabeseni, mwepesi, asiyenifahamu. Nikigeuka, nguo tu kwenye kamba. Nilianza kufua nikiwa nimefungulia redio. Niliogopa, sitaficha. Niliogopa mchana kweupe katika mji nilioishi zaidi ya miaka thelathini.

Hatimaye mtafiti mmoja akanipigia simu, mwanamke kijana kutoka Busia, mwenye adabu. Tukakutana hotelini mjini, chai na mandazi mezani. Alifungua karatasi akazigeuza zinitazame mimi.

"Mama, si mzee," alisema. "Na si mwanamume. Ni msichana. Hakufika miaka ishirini."

Sikushangaa kama alivyotarajia. Niliuliza lile nililokuwa nalo moyoni. "Ni wetu?"

Alinieleza kwa subira. Watu wa yule msichana walikuwa wafugaji, na damu yao ilikuwa imechanganyika tayari wakati huo: wengine asili yao kaskazini, wengine wale wawindaji waliokuwa hapa kabla ya ng'ombe kufika. Katika mate yangu walikuwa wameona kidogo kinachofanana na cha kwake. Nilikaribia kusimama. "Kwa hiyo ni wetu!"

"Hicho kidogo kiko kwa watu wengi wa nchi hii, mama. Mimi pia ninacho, na kwetu ni Busia. Undugu wa karibu hatukuuona. Na kama aliacha mtoto, hatuna njia ya kujua."

Kisha akatoa kikasha kidogo cha plastiki chenye pamba. Ndani palikuwa na kipande cha mfupa kilichokatwa upande mmoja, laini kana kwamba nimekikata mimi.

"Na nusu nyingine?"

"Ilisagwa." Akasita. "Ilikuwa kwenye fomu."

Ndiyo. Ilikuwa kwenye fomu.

Nilipita dukani West Indies nikiwa na kikasha mkobani. Mwenye duka akauliza, "Ehe, Mzee wako amesemaje?" Nikamwambia waliokuja kwanza walishaondoka, na waliobaki tumechanganyika. "Basi nisifunge duka?" Alitabasamu kidogo. Nikamwambia pole. Hakuniuliza pole ya nini, na nilimshukuru kwa hilo, maana nilikuwa na haya hata ya kumtazama.

Jumamosi nikaenda Chepsaita na binti yangu na mtoto. Mama alikuwa jikoni akichambua maharagwe kwenye uteo. Nilimwambia binti yangu angoje nje. Nikapiga magoti, nikaweka kikasha mapajani mwa mama, nikatoa yote. Kwamba ni nusu. Kwamba nusu imesagwa unga na nilijua itasagwa. Kwamba meno niliyaona siku ile na nikanyamaza. Kwamba Mzee wa Shimo ni msichana, na si wetu, na hakuna anayejua ni wa nani. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale penye majivu.

Mama hakugusa kikasha. Alitikisa uteo, maharagwe yakateleza.

"Msichana," akasema.

"Ndiyo."

"Miaka yote hii tunamwagia maziwa msichana wa watu, tukimwita Mzee." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, nami nikacheka kwa kuona anacheka, kisha nikaona kwamba kicheko chake kimeisha na machozi yamebaki.

Nikamuuliza lile swali ambalo lilikuwa limenikalia tangu hotelini. "Mama, sasa mimi ni nani aliyenijia? Ni huyu msichana?" Nilikuwa nimejitayarisha kumpokea. Njiani nilikuwa nimeshamsamehe kwa kunitisha penye mabeseni, nimeshamwona kama dada mdogo. Nilitaka tu mama aseme ndiyo.

"Hukupiga chafya," mama akasema.

Sikuelewa.

"Nilizika wawili kabla yako. Wote waliitiwa majina wakanyamaza, na wote hawakumaliza mwezi. Wewe ulipozaliwa, bibi yako ndiye aliyekuwa akiita. Mimi nilikuwa nimekushika, ugoro uko mkononi mwangu. Akaita, akaita, nawe kimya. Alipofika jina la mwisho nikaona utakufa na wewe." Aliinua kidole chake cha shahada akakitazama. "Nikausukuma ndani kwa kidole hiki. Ulipiga chafya mpaka damu ikatoka."

Alifuta macho. "Huyu wa binti yako aliponyamaza, nilijua kosa langu limefika. Nilitaka kusukuma tena, mkono ukakataa. Ndipo nikakutupia lawama wewe. Ulikuwa na kosa lako, nikaliweka juu ya langu."

"Kwa hiyo nani alinijia?"

"Hakuna aliyekuja, Mzee," alisema, akiniita vile vile kwa mazoea. "Ulikuja peke yako."

Nilikasirika. Sijawahi kumkasirikia mama yangu kiasi kile. Nilichukua kikasha nikatoka, nikampita binti yangu uani, nikaenda hadi shimoni. Nilichimba kwa mikono kwenye kile kilima, nikakirudisha kipande cha mfupa pale watafiti walipomfukia tena mwenyewe baada ya kuchukua sikio, nikasawazisha udongo. Nilitaka kumwambia kitu nikakosa cha kumwita. Nikakaa chini. Kushoto kwangu hapakuwa na mzee wala msichana. Kulikuwa na nyasi. Nikayapitia yote, mtihani, uchungu wa kuzaa, miaka ya kulea bila mtu, na kila mahali nilipodhani tulikuwa wawili nilimkuta mwanamke mmoja tu. Nililia kwa sauti, ng'ombe wakainua vichwa.

Niliporudi, mlango wa jiko ulikuwa wazi. Mama alikuwa amemwita binti yangu ndani, na mtoto alikuwa mapajani mwake. Alikuwa amemgeuza, uso kwa uso, amemshika kwapani kwa mikono yote miwili. Ugoro haukuwapo. Hakuna jina la mfu hata mmoja aliloita. Binti yangu alikuwa amebana midomo, machozi yakimtiririka.

"Wewe ni nani?" mama alimuuliza mtoto. Aliuliza taratibu, kwa ile sauti tunayompokelea mgeni mlangoni tukiwa hatujui anatoka wapi, kisha akangoja kweli, kama anayetarajia kujibiwa. Mtoto alimtazama, akashika pua ya mama.

Nilibaki nimesimama kizingitini na udongo mikononi. Nina miaka hamsini na miwili, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo.